Sekretari aliyegeuza familia kumi na moja kuwa mbili

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya kwanza ya shule, na Marlys Hoefer ameshamrudisha mtu mzima ndani ya gari lake.

"Panda, Doug," anamwambia baba mmoja aliyeshuka kwenye foleni ya magari ili ambusu bintiye. "Mabusu yanamalizwa nyumbani. Ukurasa wa nne."

"Jamani Marlys, si siku ya kwanza leo?"

"Ukurasa wa nne hauna siku ya kwanza. Panda, unazuia watu."

Doug Recker ana miaka thelathini na minne, watoto watatu na mashine mbili za kuvunia mahindi. Anapanda. Marlys ndiye aliyekuwa akimfuta makamasi alipokuwa darasa la pili, na mtu aliyekufuta makamasi hubishani naye sana. Magari ya nyuma yanampigia honi za kumcheka, naye anawapungia mkono na kusogea.

Hapa ni Shule ya Mtakatifu Walburga, Osterdale, Iowa, Marekani. Marlys, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, amekuwa sekretari wa shule hii kwa miaka ishirini na sita. Amesimama mlangoni na viatu vyake vyeupe vya raba, miwani imening'inia kifuani, na kiganjani ameshika kile kifaa kidogo cha chuma ambacho walinzi wa viwanjani hukitumia kuhesabia watu. Kila kichwa kinachovuka kizingiti, anabonyeza.

Mwaka huu kubonyeza huko si mchezo. Mwezi Machi ofisi ya elimu ya jimbo Katoliki ilileta barua fupi: siku ya kwanza ya mwaka mpya, ikifika saa tatu kamili asubuhi, shule iwe na watoto wasiopungua mia moja na thelathini waliokaa kwenye viti. Wakipungua, hata kwa mmoja, huu utakuwa mwaka wa mwisho, na watoto watapelekwa shule ya mji wa jirani, maili kumi na nane kwa basi.

Tunapoanza kuzungumza naye kifaa kinasoma thelathini na moja.

"Niulize unachotaka," anasema bila kugeuka, "ila usiniguse mkono huu."

Marlys alizaliwa shambani, nje kidogo ya Osterdale, mtoto wa saba kati ya kumi. Wote kumi walisoma Walburga. Wazazi wake walifunga ndoa kwenye kanisa hilohilo lililo ng'ambo ya uwanja, na babu yake alibeba matofali ya mnara wake. Analipwa dola kumi na saba na senti arobaini kwa saa, miezi kumi kwa mwaka. Julai hailipwi, lakini kila Julai taa ya ofisi yake inawaka.

"Julai nakuja na viatu vya wazi," anasema. "Hiyo ndiyo likizo yangu."

Kazi ya Julai ni Barua ya Agosti. Kila familia ya Walburga inaijua na kila familia inaiogopa kidogo. Ina kurasa kumi na moja, na ule wa nne ndio uliomrudisha Doug garini. Ndiyo inayosema mlango unafunguliwa saa ngapi na kengele inalia saa ngapi. Kwamba dawa ya mtoto ije kwenye chupa yake ya dukani na si kwenye karatasi ya kufungia mkate. Kwamba siagi ya karanga haiingii chekechea. Kwamba Jumatano ni Misa na shati liwe ndani ya suruali. Kwamba hakuna mzazi atakayesaidia hata kumenya machungwa ya watoto kabla hajapata yale mafunzo ya kuwalinda watoto. Soksi ziwe nyeusi, nyeupe, kijivu au bluu. Mwandishi wa makala hii aliwahi kupigiwa simu kazini kwa ajili ya soksi za kijani, na aliacha kikao akaenda kununua nyingine.

"Watu wananiona mkali," anasema Marlys. Anabonyeza. Hamsini na mbili. "Mimi si mkali. Sheria ikiwa moja kwa wote, hakuna mtoto anayejiona yeye ni wa pembeni. Hilo tu ndilo ninalolitaka."

Kisha anaongeza kwamba yeye hana haki ya kusema hivyo. Maana mwaka huu, kwa mkono wake mwenyewe, ndiye aliyewaweka pembeni watoto ishirini na watatu.

Ili kuelewa ilivyotokea, lazima uijue Bahasha ya Alhamisi. Kila Alhamisi Walburga inatuma nyumbani bahasha moja ya kaki kwa kila familia, si kwa kila mtoto. Ndani kuna kila kitu: tangazo la mlo wa samaki wa kukaanga wa Ijumaa za Kwaresima, fomu za kujiandikisha upya, ukumbusho wa chanjo, kila kitu. Na bahasha hiyo huibeba mtoto mdogo kuliko wote katika familia.

"Mdogo ndiye anayefaa," anaeleza Marlys. "Mkubwa ameshajifunza kuficha."

Kwa miaka yote hiyo Marlys aliziandaa bahasha kwa kadi zilizokuwa kwenye sanduku la mbao, kadi moja kwa kila nyumba, zimeandikwa kwa mkono. Februari iliyopita jimbo lilileta programu ya kompyuta. Marlys alikaa siku mbili akiingiza majina. Kila alipoingiza mtoto mwenye jina la mwisho linalofanana na la mwenzake, programu ilimuuliza: hawa ni familia moja?

Osterdale, swali hilo halina haja ya kuulizwa. Ukikuta akina Recker kumi na wanne, ni ndugu kumi na wanne. Ukikuta akina Pfeiler tisa, bibi yao ni mmoja na utamkuta benchi la tatu kanisani. Marlys akawa anabonyeza ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kisha akafika kwa akina Reh na akina Meh.

Hao ni Wakarenni, Wakatoliki waliokimbia milima ya Burma, wakaishi miaka na miaka kwenye kambi za Thailand, na sasa ndio wanaoendesha kiwanda cha nyama ya nguruwe cha mji huu na kuijaza Misa ya Jumapili saa sita. Kwao hakuna jina la ukoo. Reh huwekwa mwisho wa jina la mwanamume na Meh mwisho wa jina la mwanamke, basi. Baba ni Reh, kaka ni Reh, jirani mnayegombania sehemu ya kuegesha gari naye ni Reh. Ni kama mtu aje kwetu, asikie kila mwanamume anaitwa Bwana, aandike kwenye daftari lake: familia ya Bwana, watu elfu nne.

Marlys alibonyeza ndiyo. Familia kumi na moja zikawa mbili. Wavulana kumi na watatu wakawa Familia ya Reh, wasichana kumi na wawili wakawa Familia ya Meh, na kuanzia wiki hiyo Wakarenni wote wa Walburga wakawa wanapata bahasha mbili: moja kwa Reh mdogo kuliko wote, moja kwa Meh mdogo kuliko wote.

Walimu hawakushtuka. Mtoto asiye na bahasha, walidhani ana mdogo wake darasa la chini aliyeipokea. Ndivyo sheria ilivyokuwa ikisema.

Mwisho wa Julai mwalimu mkuu, Tom Pfeiler, alikuja ofisini na karatasi. Waliojiandikisha: mia moja na tisa. Kati ya Wakarenni, wamejibu watoto wawili tu.

"Tom akaniambia, basi Marlys, wametuacha," anakumbuka. "Nami nikasema, haiwezekani. Mtu akikuacha si hata anakuaga?"

Akachukua simu, akapiga namba iliyokuwa mbele ya Familia ya Reh. Akapokea Boe Reh, fundi wa mashine kiwandani, baba wa wavulana wawili. Boe mwenyewe anayasimulia mazungumzo hayo kwa kila anayetaka kusikia, akiiga sauti zote mbili.

"Habari za asubuhi, Boe. Nashukuru umewaandikisha hao wawili. Sasa hawa kumi na mmoja waliobaki, vipi?"

"Kumi na mmoja wa nani, mama?"

"Watoto wako."

"Mama, mimi nina wawili."

"Kompyuta inasema kumi na watatu, Boe."

"Tafadhali mama," Boe anadai alimwambia, "kompyuta hiyo isinipigie simu mke wangu akiwa karibu."

Boe alicheka. Marlys hakucheka. Akaanza kumsomea majina, mmoja mmoja, na Boe akawa anajibu: huyo wa dada Day Meh, huyo wa yule jirani wa ghorofa ya chini, hao wawili wa Plee Meh. Walipofika mwisho Boe aliuliza polepole kama ina maana bahasha alizokuwa akipokea zilikuwa za watu wote.

"Zilikuwa zimeandikwa Familia ya Reh," anasema Boe. "Nami ni Reh. Nikajua ni mimi. Kumbe nilikuwa nakula chakula cha mtaa mzima."

Na ile bahasha ya pili? Ilikuwa ikifika nyumbani kwa Day Meh kila Alhamisi, naye kila Alhamisi aliiweka kwenye kopo la biskuti bila kuifungua. Marlys alipokwenda kumuuliza, Day Meh alilitoa kopo, akalifungua, na zote zilikuwa humo, zimepangwa vizuri kwa tarehe.

"Zimeandikwa Meh," alimweleza Marlys. "Meh ni mimi, Meh ni mama, Meh ni jirani. Hatukujua ni za nani. Barua ya mtu haifunguliwi. Tukamtunzia mwenyewe mpaka aje."

Marlys anasema alikaa kwenye kochi la Day Meh na kopo hilo mapajani, akizisoma tarehe moja moja.

Lakini si kopo lililomwumiza zaidi. Kilichomwumiza ni kujua kwamba nyumba zile nyingine zilikuwa zimeyaona yote. Ziliona watoto wa jirani wakirudi na bahasha na wa kwao wakirudi mikono mitupu, wiki baada ya wiki. Ziliona Mei ikifika bila fomu. Wazee walikaa wakaongea, wakaamua kwamba shule imewakataa kwa adabu, na kwamba mtu mwenye heshima zake haendi kuuliza kwa nini hakualikwa. Familia moja yenye watoto wawili ilishahamia Minnesota. Zilizobaki zilikuwa tayari kupeleka watoto shule ya serikali.

Ukiwatoa hao wawili wa Minnesota, walibaki watoto ishirini na mmoja. Mia moja na tisa, ongeza ishirini na mmoja. Tom aliijumlisha mara tatu kwenye mashine ya hesabu, kila mara ikaleta mia moja na thelathini kamili.

"Maana yake tulimhitaji kila mmoja wao," anasema Tom. "Hata mafua yasingeruhusiwa."

Hapo ndipo Marlys alipofanya alichokifanya. Alizima kompyuta. Akatoa sanduku lake la mbao, akamwita Boe ofisini, na wawili hao wakakaa alasiri nzima wakiandika kadi upya. Boe alimfundisha aandike jina la mama na jina la mtoto wa kwanza, kama ambavyo sisi tungesema mama fulani. Jumapili iliyofuata, Misa ya saa sita ilipokwisha, Wakarenni waliteremka kwenye ukumbi wa parokia kula pamoja kama kawaida yao. Marlys alikuwa ameshafika, amevaa gauni lake la Pasaka, na bahasha tisa mkononi.

Paroko alitaka amsemee. Alikataa.

"Nilimwambia, Padre, wewe kaa ule samaki. Hili nimelifanya mimi."

Alisimama mbele ya meza za wali na samaki wa kukaanga na chipukizi za mianzi, Boe pembeni akitafsiri, akaeleza. Hakuisingizia kompyuta. Alisema: kompyuta iliniuliza, mimi nikaijibu vibaya. Alisema: nawajua watoto wenu, namjua anayeogopa radi na namjua anayeficha karoti mfukoni, na bado nikawaandika kama watu nisiowajua. Alisema: hamjakataliwa, na kama mtatusamehe, tunawaomba mrudi. Kisha akaita majina ya akina mama, moja moja, na kila aliyeitwa akaja kuchukua bahasha yake.

"Siku hiyo nililia mara mbili," anasema. "Mara ya pili ilikuwa pilipili yao."

Mama wanane walizipokea na kumshika mikono. Wa tisa alikuwa Plee Meh, mkata nyama wa zamu ya usiku, mama wa watoto wanne wanaosoma Walburga. Yeye hakuinuka. Aliongea akiwa amekaa, na Boe, anavyokiri mwenyewe, alitamani asitafsiri.

"Huyu wangu Sha Meh yuko chekechea. Yeye ndiye mdogo, yeye ndiye wa kubeba bahasha. Januari alikuwa anaibeba, anaishika hivi, kama sahani ya supu. Februari mkaacha kumpa. Kila Alhamisi analia. Ananiuliza, mama, nimefanya nini? Nimwambie nini? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui alichofanya."

Marlys aliisogelea meza yake, akaiweka bahasha kando ya sahani, na hakujitetea.

"Hakufanya kitu," alisema. "Nitamwambia mwenyewe, kama utaniruhusu nimwone."

Plee Meh aliitazama bahasha. Akasema neno moja ambalo Boe alilitafsiri: tutaona.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya pili ya Agosti. Tangu siku hiyo fomu nane zilirudi, zikiwa na watoto kumi na saba. Ya Plee Meh haikurudi.

Na leo ndiyo leo. Saa moja na dakika arobaini kifaa kinasoma mia na moja. Akina Recker wamepita, akina Pfeiler wamepita. Boe Reh anashusha wavulana wake wawili, anateremsha kioo na kupaza sauti: "Mama, hesabu vizuri, ni wawili!" na foleni nzima inaangua kicheko, maana habari zimeshaenea mji mzima. Day Meh anawaleta wa kwake, wasichana wamesukwa nywele, soksi nyeupe pe. Mia na kumi na nane. Mtoto mmoja wa chekechea anang'ang'ania mguu wa mama yake, na Marlys anainama na kumwonyesha kifaa chake.

"Ukiingia, hiki kinalia. Bila wewe hakilii. Jaribu."

Mtoto anaruka kizingiti. Marlys anabonyeza. Mama anabaki nje na machozi yake.

Saa mbili kasoro dakika kumi kengele inalia. Mlango unafungwa. Mia moja na ishirini na sita.

Tom Pfeiler anatoka kwenye korido na kutazama kifaa, halafu anatazama saa ya ukutani. Hakuna mtu anayehitaji mashine ya hesabu kujua ni wanne gani wanaokosekana. Ana saa moja na dakika kumi, na ana karatasi ya jimbo mezani inayosubiri namba.

"Nimpigie?" anauliza.

"Usimpigie," anasema Marlys. "Ameshaambiwa anapendwa. Ukimpigia sasa ataona unahesabu vichwa."

"Lakini kweli tunahesabu vichwa, Marlys."

"Ndiyo maana usimpigie."

Anakwenda kukaa nyuma ya meza yake. Anapokea simu ya mzazi anayeuliza kuhusu chakula cha mchana. Anapokea nyingine ya mzazi anayeuliza kama soksi zenye nyota zinakubalika. Hazikubaliki. Anazinoa penseli ambazo zimeshanolewa. Saa mbili inapita, na dakika tano, na dakika nane, na wote ofisini tunajifanya tuna kazi.

Kisha kengele ya mlangoni inalia.

Kwenye kioo cha mlango anaonekana mwanamke mfupi aliyevaa bado viatu vya mpira vya kiwandani, nywele ziko kwenye wavu. Nyuma yake kuna watoto wamepangana kwa kimo, mashati yamo ndani ya suruali na sketi. Marlys anabonyeza kitufe cha kufungulia mlango kabla hajasimama, anasimama kabla hajavaa miwani, na anagonga goti kwenye droo.

"Zamu inaisha saa moja na nusu," anasema Plee Meh. Anahema. "Shemeji alitaka kuwaleta mapema. Nikamkatalia. Nikasema, mimi ndiye nitakayewaingiza mlangoni."

"Umechelewa dakika kumi na nane," anasema Marlys.

"Najua."

"Ukurasa wa pili. Anayechelewa anaandikiwa karatasi ya rangi ya waridi."

"Najua, nimeisoma," anasema Plee Meh. "Yote. Kurasa kumi na moja. Andika."

Na Marlys anaandika. Katika miaka ishirini na sita ameandika karatasi za waridi kwa maelfu, na zote, anasema, aliziandika akiwa amekunja uso. Hizi anaziandika akilia na kucheka kwa pamoja. Nga Reh, amechelewa. Ku Reh, amechelewa. Thay Meh, amechelewa. Sha Meh, darasa la kwanza sasa, amechelewa. Kila karatasi, anabonyeza. Mia moja na thelathini.

Tom anafunika uso kwa viganja. Anapovitoa, anaona mtoto wa tano.

Ni msichana mdogo kabisa, begi linamfika magotini, amejificha nyuma ya mama yake.

"Na huyu?" anauliza Marlys.

"Lee Meh. Alitimiza miaka mitano Julai," anasema Plee Meh. "Fomu yake ninayo hapa, na chanjo, na cheti cha ubatizo. Mlisema mnatuomba turudi. Basi tumerudi na nyongeza."

Mia moja na thelathini na moja. Marlys anabonyeza kwa nguvu hata mlio unasikika mpaka kwenye korido. Tom Pfeiler, mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye tai, anapiga mbio kwenda kwenye kipaza sauti na kuitangazia shule nzima namba hiyo. Darasa la nane linapiga meza. Chekechea wanapiga kelele bila kujua sababu. Jikoni mtu anagonga sufuria. Marlys na Plee Meh wamesimama katikati ya ofisi wameshikana mikono, mmoja ananuka marashi na mwingine ananuka kiwanda, na hakuna anayetaka kuachia kwanza.

Saa tatu kamili namba inatumwa jimboni. Saa tatu na dakika sita jibu linarudi, maneno mawili: imepokelewa, hongereni.

Marlys anakunywa kahawa yake ya kwanza ikiwa imeshapoa. Anasema alikuwa amepanga kustaafu Juni ijayo. Alishamwambia Tom, alishachagua hata viti vya kuweka kibarazani. Sasa amebadilisha mawazo.

"Lee Meh atamaliza darasa la nane nikiwa na miaka sabini na mmoja," anasema. "Nataka niwe hapa nimwite jina lake. Lote, na la mama yake."

Kompyuta imerudi mezani, lakini sanduku la mbao liko juu yake. Bahasha za kesho, Alhamisi ya kwanza, zimeshapangwa. Ile ya juu kabisa imeandikwa kwa wino wa bluu: Kwa Plee Meh, mama yake Nga Reh.

Mlango unagongwa. Ni Sha Meh, ametumwa na mwalimu wake kuleta karatasi ya mahudhurio. Anaiweka mezani, lakini haondoki. Macho yako kwenye bahasha.

"Bi Hoefer, bahasha ni kesho?"

"Ni kesho."

"Ataibeba Lee? Yeye ndiye mdogo sasa."

Marlys anatazama chini. Barua ya Agosti iko mbele yake, imefunguliwa ukurasa wa tisa, na ukurasa wa tisa unasema mdogo. Mwanamke ambaye asubuhi hii hakumruhusu baba mtu kumbusu mwanawe anachukua kalamu, anaweka rula, na anapiga mstari juu ya sentensi nzima. Pembeni anaandika kwamba bahasha itabebwa na mtoto atakayechaguliwa na mama yake.

"Nilimuuliza mama yako kabla hajaondoka," anasema. "Amekutaja wewe. Na Sha Meh, sikiliza. Mwaka wa shule uliopita hukufanya kosa lolote. Kosa lilikuwa langu."

Mtoto anafikiri kidogo, halafu anatikisa kichwa kukubali, kama mtu mzima anayepokea pole. Anaisogelea bahasha na kuyafuata maandishi kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Ni yetu," anasema.

Kisha anatoka mbio kurudi darasani, viatu vinapiga sakafu kwa vishindo. Kukimbia kwenye korido ni kosa, ukurasa wa sita. Marlys anamsikia mpaka anapokata kona, na hamwiti.